Elimu Imfuate Ashikaye Sindano
Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya chanjo za watoto

Kwa Waheshimiwa wa Wizara ya Afya. Ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Na Waganga Wakuu wa Halmashauri zote.

Waheshimiwa,

Naomba idhini yenu niseme hadharani jambo ambalo aghalabu husemwa faraghani, katika vyumba vya chanjo, baada ya akina mama kwisha kwenda zao na rejesta kwisha kufungwa. Mimi ni mkunga mstaafu wa hapa Tanga. Nimelitumikia taifa hili katika zahanati na vituo vya afya vya mwambao na vya milimani, na nimewashika mkono kazini vijana wengi ambao leo ndio nguzo za kliniki zetu. Kwa hiyo ninayoyasema siyasemi kwa kusikia, wala siyasemi kwa chuki juu ya mtu, bali kwa mapenzi ya kazi iliyonilea mpaka nikazeeka ndani yake. Muradi wangu ni mmoja: nawaomba mlifanye somo la chanjo kuwa wajibu wa maisha yote ya kazi kwa kila mhudumu anayemshika mtoto, na mlipeleke somo hilo mpaka katika chumba anamofanyia kazi, badala ya kuliacha limfikie kwa bahati, siku moja katika miaka kadha wa kadha, kama litamfikia.

Naanza kwa shukrani, kwa kuwa zinastahili. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulipoanzishwa mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Shirika la Afya Duniani kuuasisi mpango wake wa dunia nzima, ulikusudia kuwakinga watoto na maradhi sita: kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua. Wazee wa rika langu wanakumbuka surua ilivyokuwa ikipita nyumba hata nyumba. Wanamkumbuka mtoto wa kifaduro akikohoa mpaka midomo ikigeuka rangi, na kichanga wa pepopunda akikakamaa mgongo kwa sababu kitovu chake kilikatwa kwa wembe mchafu. Madaktari na wauguzi vijana wa leo wengi wao hawajapata kuyaona mambo hayo ila vitabuni, na kutoyaona kwao ni sifa kubwa kwa waliowatangulia nyinyi katika ofisi hizo, na kwa wachanjaji waliobeba makasha ya chanjo kwa baiskeli, kwa mitumbwi na kwa miguu.

Walakini mpango ule wa maradhi sita sio tulio nao leo. Mwaka 2002 iliongezwa kinga ya homa ya ini ya aina B; mwaka 2009 ikaja chanjo ya pamoja ya maradhi matano, iliyoleta kinga dhidi ya bakteria wa Hib wanaosababisha homa ya uti wa mgongo; mwanzoni mwa mwaka 2013 zikaingia kazini chanjo ya nimonia na chanjo ya kuhara kunakoletwa na virusi vya rota; mwaka 2014 rubela ikaunganishwa na surua, na dozi ya pili ikawekwa katika mwezi wa 18; na mwaka 2018 wasichana wa nchi nzima wakaanza kupewa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Maradhi sita yamekuwa kumi na mawili. Muuguzi aliyepokea cheti chake mwaka 2000, ambaye bado yuko kazini na bado ana nguvu za kazi, nusu ya maradhi anayoyakinga leo hayakuwamo katika somo la chanjo alilofanyia mtihani.

Wala mabadiliko hayakuwa ya kuongeza tu, ambayo mtu mwerevu angeweza kuyapata kwa kuisoma ratiba iliyobandikwa ukutani. Yako pia mambo tuliyofundishwa, tukayashika kwa uaminifu, kisha ilimu ikasonga mbele ikayaacha. Matone ya polio tuliyokuwa tukiwatia watoto vinywani yalikuwa na aina tatu za virusi. Mwezi wa Aprili mwaka 2016 aina ya pili iliondolewa katika matone ya dunia nzima, na hapa kwetu sindano ya polio ikaongezwa mwaka 2018. Mtoto aliyechanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, asiote kovu begani, zamani ilikuwa desturi kumchanja mara ya pili. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilibainisha kwamba kukosa kovu si dalili ya kukosa kinga, na kwamba hakuna haja ya kumrudia. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilianza kwa dozi mbili, na mwaka 2024 nchi yetu ikahamia dozi moja. Mhudumu asiyepashwa habari hizi hakosei kwa ukaidi. Anatenda kwa uaminifu jambo lililokwisha kufutwa, na huo ndio msiba wenyewe, kwa maana mkaidi huonywa akasikia au akaadhibiwa, lakini mwaminifu aliyeachwa nyuma hajijui kuwa yuko nyuma.

Nitaleta mfano mmoja nilioushuhudia kwa macho yangu, katika zahanati ambayo sitaitaja jina. Mama mmoja alifika asubuhi na mtoto wa miezi tisa, amemfunga mgongoni kwa kanga. Alikuwa ametoka shambani kwa miguu, na vumbi la njia lilikuwa limempanda mpaka magotini. Muuguzi alimpima mtoto, akaujaza uzito katika kadi kwa mwandiko mzuri, kisha akanyanyua shingo kulitazama benchi. Watoto wa kuchanjwa surua siku ile walikuwa watatu. Akafunika kasha lake, akasema kwa upole kabisa, "Mama, rudi Alhamisi. Wakitimia kumi tutafungua kichupa." Yule mama hakubisha. Aliikunja kadi, akaifunga katika pindo la kanga, akamrudisha mwanawe mgongoni, akaishika njia ile ile aliyojia.

Muuguzi yule hakuwa mvivu wala katili. Chanjo ya surua na rubela huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake haitumiki baada ya saa sita, na kinachobaki hutupwa. Aliwahi kuulizwa na mkubwa wake kwa nini dozi nyingi zinapotea, naye tangu siku ile akaona heri kuwarudisha watoto kuliko kuandika hasara katika ripoti. Hakuna aliyekaa naye kitako akamweleza kwamba mwongozo unataka kinyume chake: kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja aliyefika, kwa sababu upotevu wa dozi zile umekwisha kutiwa katika hesabu tangu chanjo inapoagizwa, ilhali mtoto aliyerudishwa hakutiwa katika hesabu yoyote. Hakuambiwa kwamba mgonjwa mmoja wa surua, akiwa katikati ya watu wasio na kinga, aweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18. Kwamba ili ugonjwa huo usienee yapasa watu 95 katika kila mia wawe wamekingika. Na kwamba dozi ya kwanza ya miezi tisa huwakinga watoto wapatao 85 katika mia, na ndiyo sababu ya kuwekwa dozi ya pili. Lau angalizijua sababu hizo, angalikifungua kile kichupa bila kungoja kuamriwa, na swali la mkubwa wake angalikuwa na jawabu lake.

Kwa njia hiyo hiyo watoto hurudishwa nyumbani kwa sababu ya mafua, joto dogo la mwili, kuhara kidogo au uzito mdogo. Hayo si vizuizi vya chanjo. Mtoto aliyedhoofu kwa utapiamlo ndiye hasa ambaye surua humwandama kwa ukali, naye ndiye wa mbele kustahili kukingwa. Tena wako watoto wanaoletwa kutibiwa kikohozi au malaria, wakapita mbele ya tabibu, mbele ya mpima maabara na mbele ya mtoa dawa, na katika wote hao hapatikani hata mmoja wa kuuliza, "Kadi ya mtoto iko wapi?" Kwa hiyo ninapowaombea elimu wauguzi wa kliniki ya watoto, nawaombea pamoja nao matabibu, madaktari, wakunga wa wodi za wazazi, na kila anayekutana na mtoto katika jengo la tiba, liwe la serikali, la taasisi ya dini au la mtu binafsi.

Liko na jambo la baridi. Wengi hudhani kwamba adui wa chanjo ni joto peke yake, na kwa hofu ya joto huzisukuma chanjo mpaka zikagusana na barafu. Chanjo huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na nyuzi 8 za Selsiasi. Na chanjo ya maradhi matano, ya nimonia, ya pepopunda na ya saratani ya mlango wa kizazi zikiganda huharibika, wala hazirudi kuwa chanjo kwa kuyeyuka. Alama ile ya mraba ndani ya duara, iliyoko juu ya kichupa, hutoa habari za joto tu. Chanjo iliyoganda usiku huamka na alama njema, na macho ya mchanjaji huhadaika. Dawa yake ni jaribio la kutikisa. Mchanjaji huchukua kichupa kingine cha chanjo ile ile, ya kiwanda kile kile na toleo lile lile, akakigandisha kwa makusudi mpaka kikawa jiwe, akakiacha kiyeyuke. Kisha hukishika mkono mmoja pamoja na kile anachokishuku, akavitikisa vyote viwili kwa nguvu, akaviweka mezani penye mwanga na kuvitazama kwa muda wa nusu saa. Kile kilichogandishwa hutuama upesi, chengachenga zikashuka chini na maji yakabaki meupe juu. Kichupa kizima hubaki na ukungu wake. Kinachoshukiwa kikituama sawa na kilichogandishwa, hutupwa pamoja na wenzake wote walioshiriki baridi ile. Jambo hili mtu akiliona mara moja mezani halisahau maisha. Nimeliona pia likifundishwa ubaoni kwa maneno matupu saa nzima, na wanafunzi wakatoka wasiweze kulifanya.

Huenda akatokea wa kusema kwamba hizi ni taksiri ndogo za kila siku, ambazo kila kazi inazo. Na atazame yaliyowapata wenzetu wa nchi nyingine. Mwaka 2017, huko Kapoeta katika Sudan Kusini, watoto 15 walifariki dunia baada ya kampeni ya chanjo ya surua. Uchunguzi ulikuta kwamba waliochanja hawakuwa wamefunzwa wala hawakuwa na sifa za kazi ile. Kwamba bomba moja la sindano la kuchanganyia chanjo lilitumiwa kwa vichupa vingi siku zote nne za kampeni, ilhali lilipasa kutupwa kila baada ya kichupa kimoja. Na kwamba chanjo haikuhifadhiwa katika ubaridi. Chanjo iliyokusudiwa kuokoa iliingiwa na uchafu, ikawa sababu ya mauti. Na katika visiwa vya Samoa, mwezi wa Julai mwaka 2018, watoto wawili wadogo walikufa baada ya unga wa chanjo ya surua kuchanganywa, badala ya maji yake, na dawa ya kulegeza misuli itumiwayo katika upasuaji. Serikali ilisimamisha chanjo ile kwa muda, wazazi wakaingiwa na khofu wakawaficha watoto wao, na mwishoni mwa mwaka 2019 surua ikaingia visiwani ikaua watu 83, wengi wao watoto wadogo. Khofu iliyozaliwa na kosa moja ikaacha mlango wazi kwa ugonjwa uliokwisha kusahauliwa.

Nasi hatuko mbali na mlango huo. Afrika ilithibitishwa kuwa imesalimika na polio ya asili mwezi wa Agosti mwaka 2020. Mwezi wa Februari mwaka 2022 Malawi, jirani tunayepakana naye ziwani, ikatangaza kuiona tena, na Msumbiji ikafuata mwaka huo huo. Mwaka 2023 mkoa wetu wa Rukwa ukapata mtoto aliyepooza kwa polio ya ile aina ya pili, itokanayo na virusi vya matone vilivyogeuka kwa kuzunguka miongoni mwa watu wasiokingika. Mhudumu asiyefahamu tofauti ya polio hizi mbili atamjibu nini baba anayemwuliza, kwa haki yake, iweje matone yaliyoletwa kuondoa ugonjwa yatajwe tena katika habari za ugonjwa? Akinyamaza, baba yule atapata jawabu kwingine, nalo litakuwa jawabu la uvumi.

Hapa nafika kwenye ulimi, ambao katika chanjo una kazi sawa na ya mkono. Mama anayeondoka kliniki anastahili kujua mwanawe amechanjwa nini leo, huenda akapatwa na maudhi gani, afanye nini yakimpata, arudi lini, na kwamba kadi ile aitunze na aje nayo. Ni maneno ya dakika mbili. Lakini asipoambiwa kwamba chanjo ya maradhi matano yaweza kuleta joto na uvimbe pajani, ataamka usiku na mtoto anayechemka, ataapa asirudi tena, na watu wa nyumbani watamuunga mkono. Asipoambiwa kwamba BCG hutoa kidonda kidogo begani baada ya majuma machache, nacho hupona chenyewe kikaacha kovu, atakipaka majivu, au mafuta, au dawa ya unga ya dukani. Wazee walisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na usemi huu akina mama wanaujua kuliko sisi. Wanachohitaji ni mtu wa kuwaeleza kilio kipi ni cha leo na kesho tu, na kipi ni cha maisha. Mwaka 2014 nchini Kenya ulivuma uvumi kwamba chanjo ya pepopunda imetiwa kitu cha kuwafunga wanawake kizazi, na uvumi ule ulivuka mpaka ukatufikia. Mwenye kuuzima uvumi wa namna hiyo si bango wala hotuba; ni muuguzi anayeaminiwa katika kijiji chake, ikiwa yeye mwenyewe anayo maarifa ya kutosha kuamini analolisema.

Nasema ikiwa yeye mwenyewe anaamini, kwa sababu shaka hukaa hata ndani ya kuta za hospitali. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizo ya kawaida, mwezi wa Oktoba mwaka 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Marka, pwani ya Somalia. Alifanya kazi chini ya paa moja na wachanjaji, wala hakuchanjwa. Baadaye alikiri kwamba aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu yake. Alipona, na baada ya miaka mingi akajitoa kuwa mhamasishaji wa chanjo ya polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari zake mwenyewe ili wasifanye kama alivyofanya yeye. Mauti yalimkuta mwezi wa Julai mwaka 2013, polio iliporejea Somalia, naye akiwa katika kazi hiyo. Kisa chake kinatufundisha mambo mawili: ya kwamba kufanya kazi hospitalini si kuielewa chanjo, na ya kwamba mtu akishaielewa kwa moyo, hakuna msemaji anayemshinda.

Waheshimiwa, sasa naomba tuitazame njia tunayoitumia leo kuwafundisha watu hawa. Inapoingia chanjo mpya, semina huitishwa mjini. Mwaliko huja kwa jina la mganga mfawidhi au msaidizi wake. Huenda siku mbili au tatu, akasikiliza, akaandika, akapokea posho yake ambayo ni haki yake, akarejea na mkoba na makabrasha. Makabrasha huingia kabatini. Aliyebaki kituoni akichanja watoto siku zile zote, ambaye huenda ni muuguzi peke yake katika zahanati ya kijiji, husimuliwa habari za semina kwa dakika tano kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, kama si kuachiwa kipeperushi kwa Kiingereza kizito. Kisha aliyehudhuria huhamishwa, na elimu huhama naye. Mwaka unaofuata taarifa husema kwamba watumishi wa wilaya wamefundishwa, na ni kweli wamefundishwa. Lakini si wale wanaoshika sindano.

Nchi hii imepata kuijua njia iliyo bora. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwayo watu wazima wapatao milioni mbili walijifunza afya kwa redio, kwa vitabu vyepesi vya Kiswahili na kwa vikundi vya kusoma vilivyokutana huko huko vijijini kwa siku zilizopangwa, kila kikundi na kiongozi wake aliyeandaliwa. Hawakuitwa mjini. Waliketi na jirani zao, wakasikiliza, wakasoma, wakajadili, kisha wakaondoka pamoja kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka, kwa maana kila somo lilikuwa na tendo lake. Ikiwa wakulima, wengi wao wakiwa ndio kwanza wametoka katika madarasa ya kisomo, waliweza kufundishwa kwa utaratibu ule, itakuwaje wauguzi wenye vyeti, wenye simu za mkononi, wakae miaka bila somo kwa kisingizio cha kukosa fedha za semina?

Kwa hiyo naomba mambo matano.

La kwanza, iwekwe saa moja kila mwezi katika kila kituo kinachochanja, iandikwe katika ratiba ya kazi kama zinavyoandikwa siku za kliniki, nayo iwe ya somo moja la chanjo lenye tendo lake: mwezi huu jaribio la kutikisa, mwezi ujao namna ya kuchanganya na kuandika saa kichupa kilipofunguliwa, mwezi wa tatu namna ya kuzungumza na mzazi mwenye shaka. Bandu bandu huisha gogo. Saa kumi na mbili katika mwaka, zikifanyiwa kazi, zinashinda semina ya siku tatu iliyomfikia mtu mmoja.

La pili, masomo hayo yaandikwe kwa Kiswahili kilicho wazi, kwa kurasa chache na picha, yakipitiwa na madaktari bingwa wa watoto pamoja na wachanjaji wa vijijini, na yafanywe upya kila ratiba inapobadilika. Tarehe ya toleo iandikwe juu kabisa, ili mhudumu ajue kwa kutupa jicho kama anasoma la mwaka huu au la mwaka uliokwisha kupita.

La tatu, Mratibu wa Chanjo wa Wilaya anapofika kituoni, asije kuhesabu dozi na kutia saini peke yake. Na akae na mchanjaji, amtazame akichanja watoto wawili watatu, amsahihishe kwa upole wanapokuwa peke yao, na amwache anajua jambo moja ambalo hakulijua asubuhi. Na katika ripoti ya upotevu wa dozi, mchanjaji aliyefungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja asiulizwe kwa nini amepoteza. Aulizwe yule aliyerudisha mtoto.

La nne, Baraza la Uuguzi na Ukunga, ambalo Sheria ya mwaka 2010 imelipa mamlaka juu ya usajili na leseni, liyahesabu masomo hayo ya kituoni katika sharti la kuendelea kujifunza anapohuisha mtu leseni yake, ili muuguzi wa kisiwani au wa milimani apate stahiki yake bila kutumia nauli. Na Baraza la Madaktari lifanye vivyo hivyo kwa madaktari na matabibu wanaotibu watoto. Asiwepo mtu wa kuhuisha leseni ya kuwatibu watoto, miaka nenda miaka rudi, pasipo ithibati kwamba anaijua ratiba ya chanjo iliyopo.

La tano, halmashauri zilitengee jambo hili fungu katika mpango wake wa afya wa kila mwaka, fungu lenye jina lake, lisilohamishwa kwa shughuli nyingine mwaka unapokaribia kwisha. Gharama yake ni karatasi, mafuta ya pikipiki ya mratibu, na muda. Kila chanjo mpya inapoletwa nchini fedha nyingi hutumika kuinunua, kuisafirisha na kuipoza. Si haki kwamba mwisho wa safari hiyo yote chanjo ikabidhiwe mkono ambao haukuelezwa kitu.

Na kwenu nyinyi wenzangu wa chumba cha chanjo, mtakaoisoma barua hii mkiwa mmechoka, neno langu ni fupi. Msingoje serikali ndipo muulize. Mkiona jambo msilolifahamu, liandikeni, mwulizeni mratibu, mwulizane. Na aliye mkubwa asione haya kujifunza kwa kijana aliyetoka chuoni juzi, maana huenda kijana huyo ndiye aliye karibu zaidi na elimu ya leo. Mzazi akija na mtoto wake, na wakati umefika, na mtoto hana kizuizi cha kweli, mchanjeni siku ile ile.

Waheshimiwa, chanjo tunazo, majokofu tunayo, na watumishi wenye moyo tunao. Kilichopungua ni elimu kumfikia kila mmoja wao kwa wakati wake, na kulitimiza hilo kuko katika uwezo wenu, bila kungoja mfadhili wala sheria mpya. Nawaomba muanze katika mwaka huu wa fedha, na muanzie katika zahanati iliyo mbali kuliko zote katika kila wilaya.

Wenu katika utumishi,

Mkunga mstaafu,
Tanga